Muulize Fundi: Shokapu ya nyuma na mtoto wa kilo 32

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mzazi, naishi Marangu. Binti yangu wa miaka 11 ana kilo 32. Mjomba wake alimnunulia baiskeli ya milimani iliyotumika, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Fremu ni ndogo kabisa, magurudumu ni ya inchi 26, na ina shokapu ya upepo nyuma. Kwenye karatasi zake imeandikwa gurudumu la nyuma linapanda milimita 120 na shokapu inabonyea milimita 45. Kila akiteremka njia ya mawe anarudi analalamika kwamba siti inampiga na kumrusha. Tuliipeleka kwa fundi mmoja, akajaza upepo mpaka 150, akasema ngumu ndiyo salama kwa sababu haitagonga mwisho. Sasa ndiyo imezidi. Pampu ndogo yenye geji ilikuja na baiskeli. Je, niiuze nimtafutie ya kawaida? — Mama wa Marangu

JIBU: Marahaba, mama. Usiiuze. Kwa vipimo ulivyonitumia naweza kusema bila hata kuiona: shokapu hiyo imewekwa kumbeba mtu mwingine. Pauni 150 (PSI kwenye geji, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba) ni upepo wa mwanamume wa kilo 68 hivi. Ukimkalisha hapo mtoto wa kilo 32, shokapu haina habari naye. Jiwe likija gurudumu halipandi peke yake, inapanda baiskeli nzima pamoja na aliyeikalia.

Hilo la "ngumu ndiyo salama" nalisikia sana, hasa kwa mafundi waliokulia kwenye pikipiki. Kwenye bodaboda inayobeba abiria wawili na gunia la ndizi, nawaelewa. Kwenye baiskeli ya mtoto sikubali. Zile milimita 45 zimewekwa ili zitumike. Ikigonga mwisho mara mojamoja kwenye shimo kubwa hakuna kilichoharibika. Ndani kuna mpira wa kuipokea. Shokapu ya mtoto ambayo haijawahi kufika karibu na mwisho ndiyo yenye kasoro.

Anza na mizani. Mpime binti akiwa amevaa kila anachopanda nacho: kofia ngumu, viatu, kibegi cha maji. Tuseme anafika kilo 34. Zidisha kwa 2.2 utapata pauni 75 hivi, na namba hiyohiyo ndiyo upepo wa kuanzia, upande wa PSI kwenye geji. Ni kianzio tu. Ziko fremu ambazo gurudumu lao husafiri sana kwa kila milimita ya shokapu, nazo hutaka upepo zaidi. Ya kwenu, 120 kugawa kwa 45, ni mara 2.7 hivi, ya katikati, kwa hiyo sitegemei uende mbali na 75.

Tumia hiyo pampu ndogo na si nyingine. Wapo wanaokimbilia kituo cha mafuta kwa kuwa valvu inafanana na ya gari. Chumba cha upepo cha shokapu ni kidogo mno. Kompresa ya magari itakupitisha kwenye namba unayoitaka kabla hujaondoa kidole. Na ukiifunga pampu ukaona geji inasoma pungufu ya ulichojaza jana, usiseme imevuja. Upepo kidogo umeingia kwenye mpira wa pampu yenyewe. Hata ule mlio unaousikia ukiifungua, kwa pampu nzima, ni upepo wa kwenye mpira unaotoka.

Kwa kuwa unashuka kutoka 150, shuka taratibu. Ndani ya shokapu mna vyumba viwili vya upepo. Kimoja kinasukuma nje. Kingine, kidogo, kinavuta ndani ili shokapu ianze kubonyea bila kugoma. Vyumba hivi hugawana upepo kupitia kijia kinachofunguka pale tu shokapu inapobonyea kiasi fulani. Ukitoa upepo wote kwa mkupuo, kile kidogo kinabaki na 150 yake na kuivuta shokapu ikae imezama, nawe utadhani imekufa. Kwa hiyo toa kidogo, egemea siti uibonyeze polepole mara kadhaa, toa tena, bonyeza tena. Ukifika 75 ibonyeze kama mara 15, kisha funga pampu usome upya. Namba ikiwa imehama, irekebishe urudie mpaka itulie. Kazi hii ifanye wewe au kaka yake mkubwa. Mtu mzima akipanda baiskeli yake na kurukaruka kidogo, vyumba hujisawazisha vyenyewe. Binti hana uzito wa kufungua kile kijia, na ndiyo maana shokapu nyingi za watoto husoma namba sahihi kwenye geji lakini zinafanya kazi kama zina upepo mwingine kabisa.

Sasa angalia chuma king'aacho cha shokapu. Kuna oringi nyembamba ya mpira. Kama ilikatika, funga uzi. Isogeze mpaka iguse sili, ule mpira wa mdomoni unaozuia upepo usitoke. Egesha baiskeli kando ya ukuta, binti apande kwa utulivu, ajishikize kwa kiwiko, akae kama anavyokaa akiendesha, kisha ateremke bila kuibonyeza tena. Pima oringi imesogea kiasi gani. Kwa watoto mimi nataka asilimia 30 ya urefu wa kubonyea, yaani kati ya milimita 13 na 14 kwenye 45 zenu. Kumi na moja navumilia. Ikisoma 7, punguza pauni 5 upime tena. Ikipita 16, ongeza. Na mwambie asijitupe juu ya siti kwa mbwembwe, maana hapo oringi itapima mbwembwe zake.

Ukiishia hapo utafurahi siku chache. Halafu binti atarudi na lalamiko jipya: nyuma imekuwa ngumu tena, hasa kwenye mawe yanayofuatana au mizizi, ingawa oringi bado inasoma 13. Wengi wakifika hapa hupunguza upepo zaidi, na mambo huharibika zaidi. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watoto wepesi wanapoonewa na baiskeli.

Shokapu ina kazi mbili. Upepo unabeba na kusukuma gurudumu lirudi chini. Mafuta, yakipita kwenye matundu madogo, yanazuia lisirudi kwa fujo. Kizungushio chekundu, ambacho kwa kawaida kiko kwenye mwili wa shokapu, ndicho kinachobana au kulegeza tundu la kurudi. Huenda kimebanwa kiasi cha kushindana na upepo wa mtu mzima, kama hizo pauni 150. Wewe umeacha 75. Nguvu ya kusukuma imepungua nusu, lakini mafuta yanazuia kama jana. Jiwe la kwanza linaibonyeza shokapu, na kabla haijarudi jiwe la pili limefika. La tatu linaikuta imezama zaidi, la nne linaikuta haina pa kwenda. Binti anasema ngumu, na anasema kweli, lakini kinachomuumiza hapo ni kurudi polepole.

Kwa hiyo kila upepo unaposhuka, kizungushio chekundu nacho kifunguliwe. Kizungushe kulia mpaka kikome, hapo ni polepole kabisa, kisha kirudishe kushoto ukihesabu milio. Andika jumla yake. Kwa mtoto wa kilo 34 na vifaa vyake, anza na kilichofunguliwa chote, kushoto mpaka mwisho, halafu rudi kulia mlio mmoja mmoja ikibidi. Kujua kama inabidi, tafuta ngazi moja ya kibarazani, kama sentimita 15. Binti ashuke nayo akiwa amekaa, mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma inatakiwa ibonyee, irudi, itulie. Ikirudi ikapitiliza na kunesa mara ya pili na ya tatu, rudisha mlio mmoja kulia. Ikirudi kwa uvivu kiasi cha wewe kuiona inapanda, ilegeze. Usiipime kwa kuibonyeza kwa mkono wako na kuridhika; mkono wako una nguvu kuliko uzito wake.

Itawezekana ukakuta imefunguliwa yote na bado ni mvivu. Shokapu nyingi hutengenezwa zikimlenga mtu wa kilo 70 na kitu, na mtoto huishia kwenye ukingo wa kile kinachorekebishika kwa nje. Ni kumvika mtoto koti la baba yake; mikono utakunja, mabega je? Hapo dawa iko ndani: kubadilisha sahani nyembamba zinazozuia mafuta au kuweka mafuta mepesi zaidi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya shokapu za baiskeli hasa, si wa pikipiki, kwa sababu nyuma ya mafuta kuna chumba cha gesi yenye msukumo mkubwa. Kikifunguliwa kienyeji kinaweza kumrushia mtu chuma usoni. Kama huna fundi huyo karibu, bado asilimia kubwa ya faida utakuwa umeipata kwa upepo na kizungushio.

Angalia pia kama kuna kiswichi kidogo, mara nyingi cha bluu. Hicho hubana shokapu isinese wakati wa kupanda mlima. Mtu mzima akisahau kukifungua atagundua jiwe la kwanza tu, kwa sababu uzito wake utailazimisha ifunguke kwa kishindo. Mtoto hawezi hata kuilazimisha. Kwake kiswichi hicho kifunguliwe siku zote, hata kwenye kupanda. Kwa kilo 32 kunesa kwenyewe ni kudogo. Mimi kwa watoto wengine nakifunga kamba kisichezewe.

Baada ya hapo mwachie njia. Chagua kipande kimoja anachokijua, kile cha kuteremka katikati ya vihamba chenye mawe na kuvuka mfereji kingefaa, akipite mara kadhaa, kisha tazama oringi. Ikiwa imefika karibu na mwisho, au imegusa mara moja, acha. Ikiwa mbonyeo wa kukaa ni milimita 13 lakini kwenye njia mbaya kabisa haivuki 32 au 33, kuna uwezekano ndani ya chumba cha upepo mna vipande vya plastiki vilivyowekwa kupunguza nafasi, ili shokapu iwe ngumu kadiri inavyozama. Mwanamume mzito anayeruka matuta anavihitaji, binti yako havimsaidii. Vitolewe. Upepo wote utoke kwanza, na ikiwa upepo umeisha lakini shokapu imebaki imezama haitaki kurudi, msiifungue kabisa: kuna upepo umenaswa kwenye kile chumba kidogo kinachovuta ndani. Hiyo ipelekwe kwa mwenye kuijua.

Jambo dogo linalosahaulika: msuguano wa sili ni uleule kwa mzito na kwa mwepesi. Baba wa kilo 85 hausikii. Mtoto anausikia, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake inaliwa na kuushinda. Futa chuma cha shokapu baada ya kila safari, usikinyunyizie maji ya nguvu kama wanavyofanya wa kuosha magari, na chumba cha upepo kifunguliwe kisafishwe na kupakwa mafuta mapya kwa ratiba. RockShox, watengenezaji wa shokapu, kwa mfano, wanataka hilo lifanyike kila saa 50 za kuendesha. Kagua na bushi na beringi za fremu. Ikiwa mkono wa nyuma wa fremu, unaoshika gurudumu, haushuki wenyewe kwa uzito wake shokapu ikiwa imefunguliwa upande mmoja, kuna kitu kimebana, na hakuna upepo utakaokitibu.

Foku ya mbele nayo, kama ni ya upepo, huenda ilijazwa siku ileile na mkono uleule. Ifanyie hayohayo, ila usianze na 75, maana hesabu ile ya uzito ni ya shokapu ya nyuma, na mbonyeo wake uwe asilimia 20 hivi. Na kila likizo ya shule rudia mizani. Wakiwa na umri huo kilo mbili huja bila hodi, na kilo mbili ni karibu pauni 4 au 5 za upepo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mdogo wangu ana miaka 12, kilo 36 akiwa na viatu na kofia. Baiskeli yake ni ya mtumba, shokapu ya nyuma ni ya springi nyekundu imeandikwa 750. Haibonyei kabisa. Nimelegeza ile nati kubwa ya springi mpaka springi inacheza, bado. Nilitoa springi nikapima: shokapu inaingia milimita 35 na gurudumu linapanda karibu sentimita 9. Nifanyeje? — Kaka mtu, Arusha

JIBU: Marahaba, kijana. Umenifurahisha kwa kupima kabla ya kuuliza.

Ile nati haibadilishi ugumu wa springi. Inaibana tu mapema ikiwa bado haijabebeshwa kitu. Ikaze izunguke mara moja au mbili baada ya kugusa springi ili isicheze, usiguse tena. Tatizo ni hiyo 750. Maana yake inahitaji pauni 750 kuibonyeza inchi moja, yaani kilo 13.4 kwa kila milimita.

Fanya hesabu. Akikaa, kama asilimia 60 ya uzito wake inakwenda nyuma, kilo 21 na nusu. Gurudumu linasafiri mara mbili na nusu ya shokapu, kwa hiyo springi inabeba mara mbili na nusu ya hizo: kilo 54. Gawa kwa 13.4, unapata milimita 4 kati ya 35. Mtu wa kilo 75 kwenye springi hiyohiyo angepata zaidi ya 8, na huyo ndiye aliyetengenezewa. Mdogo wako anahitaji 10, na itakayompa hizo ni ya 300 hivi. Tafuta 300, ukipata 350 pia chukua, anakua.

Kupata springi laini ndiyo shida yenyewe, maana hizi baiskeli za bei rahisi huja na 550, 650, 750, 850, kana kwamba wanaozipanda ni walinzi wa benki. Peleka springi ya zamani mkononi: kipenyo cha ndani na urefu lazima vilingane, na inayokuja isijibane yote kabla shokapu haijamaliza milimita zake 35. Usikate springi kwa msumeno ili iwe fupi. Ukiikata inakuwa ngumu zaidi, si laini zaidi.

Kabla hujatumia hela, bonyeza shokapu ikiwa haina springi. Ikiwa inaingia na kutoka bila kizuizi chochote, haina mafuta, labda haijawahi kuwa nayo. Springi laini itasaidia, lakini itanesa. Kwa hali hiyo mimi ningetafuta shokapu nzima ya upepo iliyotumika, yenye urefu uleule kati ya matundu mawili ya bolti, nikaanza na pauni 80.

SWALI: Salamu Fundi, nakusoma kutoka Naivasha. Kijana wangu ni wa miaka 8, kilo 24. Tunaendesha kwenye hifadhi ya Hell's Gate wikendi. Nimeona baiskeli ya inchi 24 yenye shokapu nyuma, nzito kidogo, kilo 14. Nimnunulie? — Baba wa Naivasha

JIBU: Hapana. Kilo 14 ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Wewe ukiwa na kilo 80 ungekuwa unaendesha baiskeli ya karibu kilo 47. Zipo za watoto zilizofikiriwa vizuri, Commencal wa Andorra na Spawn Cycles wa Kanada wanazitengeneza, lakini bei yake ni ya mtu mzima. Barabara za Hell's Gate ni vumbi, kokoto na mchanga. Mnunulie fremu nyepesi isiyo na shokapu nyuma, tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu, kisha shusha upepo. Nina hakika atakayekuuzia atazijaza mpaka 40 au 50. Kwa kilo 24 kwenye tairi ya upana wa inchi 2.1 yenye tyubu anza na 20. Ukizisikia rimu zikigonga mawe, panda mbili mbili mpaka ziache.